Nilichongesha Mhuri wa Chuo kwa Kuogopa Kubisha Hodi

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Naandika kwa sababu kusema mdomoni siwezi, mimi ni mwoga wa watu tangu utoto.

Baada ya kidato cha nne nilipata chuo cha maabara hapa Arusha. Jamani, kile chuo! Darubini moja, wanafunzi arobaini. Muhula mzima nilichungulia mara mbili tu. Nikaomba kuhamia chuo kingine, kizuri kweli, wakanikubali! Walitaka kitu kimoja: barua ya ruhusa ya mkuu wa chuo, yenye sahihi na mhuri.

Sasa yule mkuu ana sauti kubwa. Siku moja aliniambia mbele ya darasa, "Binti, ongea kama mtu aliyekula!" Wote wakacheka. Mara tatu nilifika mlangoni kwake, mara tatu nikageuza.

Rafiki yangu Neema akaniambia, "We naye! Nenda mtaa wa Ngarenaro, kuna fundi, mhuri unachongwa hata chai haijapoa."

Nikaenda. Fundi hakuuliza hata jina. Barua nikaandika mwenyewe, sahihi nikaiga.

Chuo kipya wakampigia mkuu simu kuhakikisha. Nikaitwa, na baba akaitwa. Alishuka kutoka kwetu huku mlimani akiwa amevaa koti lake la kanisani, akidhani naenda kupongezwa. Ee Mungu wangu!

Mkuu aliiweka ile barua mezani. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Mwanangu, mbona hukuniomba? Wenzako watatu nimewasainia wiki iliyopita, hapahapa, nikinywa chai."

Nikalia. Baba akasema, "Msamehe, mkuu, ni mtoto."

"Mzee wangu, kwa mhuri wa kughushi, mikono yangu imefungwa."

Nikafukuzwa. Kule nilikokubaliwa wakafuta jina langu. Kila chuo ninachoomba sasa kinataka barua ya tabia kutoka chuo cha kwanza, na hiyo barua hawezi kuniandikia mtu.

Mama anawaambia majirani niko likizo. Likizo gani ya miezi saba! Baba salamu yangu anaitikia, basi, hapo anaishia.

Wewe unayeogopa ofisi ya mkubwa, ingia hivyohivyo unatetemeka. Akikucheka, acha acheke. Akikunyima, utarudi kesho. Mimi sina pa kurudi. Nakata majani ya ng'ombe, na wenzangu wanapopita na makoti yao meupe, nainama nisionekane.