Muuza Nyama Aliyeacha Kuonja

Mnofu hakupewa jina hilo bure. Alikuwa na mashavu ya kutosha watu wawili, tumbo lililomtangulia kila alikokwenda, na miaka kumi na tisa nyuma ya gogo la bucha. Watu walipita bucha nyingine tatu ili wafike kwake, na sababu ilikuwa moja tu: Mnofu huonja. Kila asubuhi, ng'ombe akishatundikwa, alikata kipande cha paja kisichozidi kidole, akakichoma kwenye jiko dogo la mkaa nyuma ya mlango, akakitafuna amefumba macho, kisha akatoa hukumu. "Huyu wa kuchoma." "Huyu mchemsheni mpaka mchoke." Hakuwahi kudanganya, na watu walipika kama alivyosema.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na siku thelathini na nane hajatia nyama mdomoni.

Figo za dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, zilikuwa zimegoma. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu, akarudi amelegea, hata kanga hawezi kujifunga vizuri. Mnofu alijitolea figo moja. Akapimwa, figo ikaonekana inafaa. Asiyefaa alikuwa mwenye figo. Uzito umezidi, presha iko juu, na mafuta kwenye damu usiseme.

"Nakupa wiki sita," daktari alimwambia. "Visiposhuka sikupasui, nisije nikawapoteza wote wawili."

Daktari alimshauri apunguze nyama. Mnofu akakata shauri kuiacha kabisa, maana alijijua: akianza kipande kimoja, mkono wake hauombi ruhusa tena. Tangu siku hiyo alikula maharage, dengu, na majani ambayo hata mbuzi angeyalalamikia. Alfajiri, kabla ya kufungua, alipanda kwenye mzani wa kupimia nusu ng'ombe akiwa na roho mkononi. Daktari alitaka kilo nane zitoke. Zilikuwa zimetoka saba, na ya nane ilimng'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Zilibaki siku nne.

Dukani hakumwambia mtu. Dada alikuwa amemwapisha asiuzungushe ugonjwa wake mitaani, naye aliona haya: muuza nyama atasemaje kwamba hali nyama? Basi akawa anabonyeza paja kwa dole gumba, anatazama rangi, anakisia. Kila hukumu aliyotoa ilimwacha na wasiwasi hadi jioni, na wasiwasi wenyewe ulimzidishia njaa.

Alhamisi hiyo aliingia mpishi wa kantini, mwanamke asiyependa mzaha, akasimama mbele ya foleni nzima.

"Wiki iliyopita uliniambia laini," alisema. "Nimechemsha masaa matatu, watu wakaniuliza kama nimewapikia mkanda. Leo onja nikikuona."

"Nimeshaonja, mama."

"Mimi sijaona."

Mnofu alikata kipande, akakiweka jikoni. Mafuta yalichuruzika kwenye mkaa, harufu ikampanda puani, na mate yakamjaa kama mtoto anayeota meno. Akajiambia kipande kimoja si kitu, nani atajua, mzani hauna macho. Kilikuwa kimeshagusa mdomo wa chini alipojikuta anapanga cha pili, na cha tatu chenye chumvi kidogo. Hapo aliogopa kwelikweli. Alikirudisha juu ya gogo.

"Sili nyama," alisema. "Kwa sasa."

Foleni ilisikia maneno mawili ya mwanzo tu. Mpishi alimtazama, akaitazama nyama, akafunga mdomo wa kikapu chake.

"Miaka yote unatulisha sisi, leo wewe mwenyewe unaikimbia," alisema. "Kuna jambo hapa."

Akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakijisingizia wamesahau hiki na kile. Mpaka mchana ng'ombe alikuwa bado ananing'inia karibu mzima. Mnofu aliona uchungu, lakini hofu yake haikuwa ya wateja. Aliramba mdomo wa chini, akakuta bado una mafuta, akaenda kuunawa kwa sabuni mara mbili.

Jioni alipitia kwa dada yake, kama kawaida. Alikuta meza imeandaliwa. Katikati palikuwa na bakuli la mbavu zilizopikwa taratibu, mchuzi mzito, nyama inaachia mfupa yenyewe. Dada alikuwa amesimama jikoni tangu mchana na miguu yake ile iliyovimba.

"Kula, umekonda," alisema. "Siku moja haiharibu kitu."

Mnofu alishika kiti, hakukaa. Jumapili dada huyu huyu alimletea chupa ya supu, akasema amesahau kuwa haruhusiwi. Wiki ya kabla yake, maini ya kukaanga. Yeye aliyekumbuka mpaka siku ambayo Mnofu aling'oka jino la kwanza, anasahau?

"Dada," alisema, "unataka nishindwe."

Dada alijishughulisha na kitambaa cha meza, akakinyoosha pale palipokuwa pamenyooka.

"Nilikubeba mgongoni na homa yako, nakuombea uzima," alisema mwishowe. "Leo nikulaze mezani upasuliwe kwa ajili yangu? Nikifa mimi, nimeishi. Ukifa wewe, nimekulea kwa ajili ya nini?"

Mnofu alikuwa na njaa iliyomtia kizunguzungu. Alilisukuma bakuli hadi upande wa pili wa meza.

"Na mimi nikishindwa Jumatatu," alisema, "halafu ukafa, nitarudi kwenye lile gogo kila asubuhi, nikate nyama. Kila nikishika kisu nitajua ni chakula gani nilichokibadilisha na wewe. Unataka niishi hivyo?"

Dada alivuta kiti. Alikaa, akafunika bakuli kwa sahani.

"Sijapika kingine."

"Nitalala hivyo hivyo. Jumatatu utanisindikiza kwenye vipimo?"

"Nikikusindikiza nitakuwa nimekubali."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Dada alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Saa ngapi?" dada aliuliza.