Breki ya Mbele

Mjukuu wangu alipewa jina langu, kama ilivyo desturi yetu, ndiyo maana baba yake, mwanangu wa kuzaa, humwita yeye pia mama. Akiita "Mama" uani, tunaitika wawili. Kwa hivyo siku msichana huyo aliponiambia anatafuta breki nyepesi za baiskeli yake ya mashindano, nilisikia kama ni shingo yangu inayozungumziwa.

Mashindano yalikuwa ya Jumamosi, upande wa Embu, barabara ya kushuka kuelekea Kiambere. Miteremko ile naijua. Nawajua pia walioangushwa na baiskeli, kule na huku kwetu, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Sitawaandika hapa, watoto wao bado wako.

Tulienda pamoja kwa fundi wa baiskeli pale Kiirua, mvua ya rasharasha ikianza. Fundi alitoa jozi nyepesi, zimetobolewa mpaka unaona upande wa pili. Nikaziweka kiganja kimoja, zile nzito za zamani kiganja kingine. Nyepesi zilikuwa kama mayai mawili ya kienyeji. Nikamwomba afunge moja niione ikifanya kazi. Nilipofinya, raba zilishika rimu, lakini mikono ya breki ikazidi kujikunja kidogo, kama mpini wa jembe ulioliwa na mchwa ndani.

Mjukuu alisema uzito wowote, hata kidogo, unamrudisha nyuma akipanda mlima. Basi fundi akaleta maneno ya katikati: afunge moja nyepesi na moja nzito. Nyepesi iende mbele, maana breki ya mbele si ya kutumia, ukiishika inakurusha juu ya usukani. Huku kwetu kila mtu anajua hivyo. Wanaopeleka maziwa kwa baiskeli huing'oa kabisa. Mjukuu akakubali.

Mimi nikakataa.

Fundi akacheka. "Shosho, kwani wewe umewahi kuendesha baiskeli?"

"Sijaendesha. Nimebeba kuni."

Nikamweleza. Miaka mingi nilishuka kutoka msituni na mzigo mgongoni, ukanda umenikaza kipaji cha uso. Ukipanda, mzigo unakuvuta nyuma. Ukishuka unakusukuma, na uzito wote unaangukia mguu wa mbele. Wa nyuma unagusagusa chini tu. Ukiuamini huo, umeteleza. Siku moja niliuamini, na goti langu la kulia halijawahi kunyooka vizuri tena.

Wote wawili walilitazama lile goti. Halafu mjukuu akasema tujaribu: nzito mbele, nyepesi nyuma, na ya mbele ataishika polepole, kiuno akikirudisha nyuma kama mtu anayetaka kuketi.

Fundi alipozifunga, mjukuu akaisukuma baiskeli mpaka juu ya mteremko. Mimi na fundi tukasimama chini, pale barabara inapokata kona kabla ya daraja. Lami ilikuwa inang'aa kwa maji. Nikaona kofia yake nyekundu, ndogo, kisha kubwa, na mwendo haupungui. Nikamwita kwa jina, hilohilo langu. Gurudumu la nyuma likaenda kando, likarudi, likaenda tena. Nikafumba macho. Nilisikia raba zikilia kwenye rimu, zikalia, kisha zikanyamaza.

Nilipofumbua, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mguu mmoja chini.

"Ya nyuma iliteleza, shosho," alisema. "Ya mbele ndiyo imenishika."

Fundi hakucheka tena. Alichuchumaa palepale mvuani, akatoa spana mfukoni, akaikaza ya mbele zaidi.

Jumapili, mimi na mwanangu tulipotoka kanisani, tulimkuta uani amerudi kutoka Embu. Baba yake alimuuliza amekuwa wa ngapi. Mimi nilimwambia akunje suruali kwanza, nimwone magoti.