Unga wa Manjano Kaloleni

Mwaka ule mvua ilipokosa kunyesha, maduka ya Kaloleni yaliishiwa na unga mweupe, ukaja wa manjano kutoka ng'ambo. Baba alikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa, na vyeo hivyo viwili vilimfanya aamini kwamba hakuna kitu kinachofaa kuingia mtaani bila idhini yake. Alikuwa amesikia redioni kwamba wanasayansi wanaweza kutoa chembe ya urithi katika kiumbe kimoja na kuipandikiza katika kingine, hata mahindi yakajilinda yenyewe dhidi ya wadudu. Redio haikusema kwamba mahindi hayo ndiyo yaliyoletwa kwetu. Sehemu hiyo Baba aliimalizia mwenyewe.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imenenepa. Ukila ugali ule utazaa watoto wenye mkia, na wanaume wataota matiti. Jirani yetu fundi viatu alimuuliza Baba kama ni kweli mahindi yale yalichanganywa na panya. Baba hakukubali wala hakukataa. Alitikisa kichwa kwa huzuni, na jambo likawa limethibitika.

Nyumbani alipiga unga huo marufuku. Mama, ambaye ndiye aliyepanga foleni kuupata, alisema sawa. Kwa siku kadhaa Baba aliishi kwa mkate, chai na kuku wa gredi, wale wanaonenepa upesi kuliko mtoto anavyojifunza kukaa, wala hakuuliza walilishwa nini. Shati likaanza kumpwaya, hasira zikaongezeka. Ndipo Mama alipoenda soko la Gikomba kununua unga wa wimbi. Nikamwona akimimina wimbi na unga wa manjano katika beseni moja, akavichanganya mpaka rangi ya manjano ikapotea.

Baba alimega tonge la kwanza, akafumba macho.

"Hiki ndicho chakula cha babu zetu," alisema. "Hakijaguswa na maabara."

Mama akamwongezea mboga.

Nguvu zilipomrudia, aliitisha mkutano katika ukumbi wa mtaa, akamwalika dada yake mdogo, mwalimu wa biolojia, aje kuwaonya watu. Shangazi hakuja kuonya. Alieleza kwanza faida: mmea ukipewa uwezo wa kustahimili wadudu, mkulima atanyunyiza sumu kidogo, na huenda siku moja chakula kikaongezewa lishe. Waliokuwa wakila unga ule walipiga makofi, kisha wakaanza kupiga gumzo. Halafu akaeleza hatari: chavua hupeperushwa hadi shamba la jirani ambaye hakuulizwa, mkulima anaweza kujikuta akimtegemea mwenye kampuni kwa mbegu kila msimu, na chembe ngeni inaweza kumdhuru mwenye mzio, kwa hiyo lazima kila aina ipimwe. Hapo upande wa Baba ukaamka, ukapiga makofi yake. Rangi ya manjano, Shangazi aliongeza, haithibitishi lolote, kwani mahindi ya namna hiyo yalikuwapo tangu zamani. Sentensi hiyo haikupigiwa makofi na yeyote.

Baba alisimama kutoa ushuhuda. Alisimulia jinsi alivyodhoofika, na jinsi wimbi la mababu lilivyomrudishia afya, akajipigapiga kifuani ili watu waone.

Mama aliinuka taratibu kutoka viti vya akina mama.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Hilo wimbi, nusu yake ni unga wa manjano."

Fundi viatu alikuwa wa kwanza kucheka, na wengine wakapata ruhusa. Nilimwonea Baba huruma. Mkono wake ulikuwa bado kifuani, kama anayekagua kitu. Alimgeukia Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu unga uje, aliuliza swali.

"Dadangu, mahindi haya tuliyokula yamebadilishwa au hayakubadilishwa?"

"Sijui, Kaka. Gunia halisemi, na sijasikia kama kuna aliyeyapima. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Tulirudi nyumbani. Nilitarajia agombe, lakini alikaa mezani akiwa amekunja mikono, akamwambia Mama asichanganye tena.

"Pika wa manjano mtupu," alisema. "Kama nitaula, niule nikiuona."

Mama alibandika maji. Baba alikula, akaomba aongezewe, na kwa wiki nzima hakumhubiria mtu.