Mtoto, Kalete Maji

Kijiji chetu kizima cha Kurui kilikuwa kimeshakula pilau ya kuniaga kwenda kusomea ualimu niliporudi likizo ya kwanza na kusema siutaki tena ualimu. Nataka ukunga.

Yalianzia chuoni, upande wa Kibaha. Wanafunzi wa ualimu na wa ukunga tulikaa kiwanja kimoja, na siku moja sisi wa ualimu tulipelekwa zahanati kufundishwa usafi. Nikamwona mkunga, msichana kama mimi, amempokea mtoto asiyelia kabisa. Akamsafisha pua, akamsugua mgongo, akamsugua tena, mpaka kile kichanga kikapiga yowe. Basi, mimi nikawa nimekwisha! Jioni ile ile nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Akasema nafasi ipo, ila mkubwa wa kwetu aridhie, la sivyo nibaki nilipo.

Na mkubwa wa kwetu alikuwa bibi, mzaa baba, mkunga wa kijiji. Nilimkuta anasonga ugali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Eti nasikia nini?"

Nikamweleza. Akacheka, halafu uso ukabadilika. Kwetu mwanamke ambaye hajazaa haingii chumba cha uzazi. Hata awe na mvi, siku hiyo anaitwa mtoto na anatumwa kisimani, ilimradi aondoke pale.

"Wewe hujazaa, utamzalisha nani? Huoni haya?"

Sasa mimi ulimi wangu haujui kulala. "Bibi, wale mapacha wa kijiji cha Gwata uliwapokea wewe. Wewe ulizaa mapacha lini?"

Lo! Nilijua mwiko unakuja kichwani. Bibi akaugeuza ugali, akaugeuza tena.

"Nenda kasome huo ukunga wako," akasema. "Lakini hapa Kurui, mpaka uzae wa kwako, chumbani hukanyagi."

Nikaenda. Nikasoma, nikafaulu, na sioni sababu ya kujidai mnyonge: nilikuwa hodari. Ila nilirudi na sare nyeupe huku najua kwamba kwetu mimi bado ni mtoto.

Haukupita muda wifi yangu akashikwa na uchungu. Tangu alfajiri mpaka jua la utosi, mtoto hatoki, na wifi sauti imemkauka. Nikanawa mikono, nikasimama mlangoni. Shangazi mmoja hata hakunitazama usoni.

"Mtoto, kalete maji!" Akanisukumia ndoo.

Hasira zilinipanda hadi machozi yakanilengalenga. Wifi yangu anaumia mle ndani, nami nimeshikishwa ndoo!

Bibi akatoka, jasho linamtiririka. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Nikangoja anifukuze.

Akaichukua ile ndoo mkononi mwangu.

"Ingia, mkunga," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Maji nateka mimi."

Akashika njia ya kisimani, mwenyewe, na uzee ule. Aliporudi na ndoo kichwani, mtoto alikuwa analia.