Mama wa makoti: Toos Hendrikx na ukuta uliowazuia wageni kuikimbia baridi

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya mahindi nje ya bustani ya burudani ya Elzenhof, na nyasi zimeshika barafu nyembamba inayovunjika chini ya viatu. Toos Hendrikx amesimama langoni na gambuti miguuni na skafu mbili shingoni. Anamtazama baba mmoja akishuka kwenye gari na fulana ya mikono mifupi.

"Koti liko wapi, kaka?" anamuuliza.

"Redio imesema mchana jua," anajibu yule baba, meno yakimgongana. "Halafu, mama, sisi si sukari. Hatuyeyuki."

Toos anatikisa kichwa. Jibu hilo amelisikia kila msimu wa majani kupukutika kwa miaka tisa. Hapa Brabant, kusini mwa Uholanzi, anayelitoa hutembea kifua mbele mpaka saa kumi jioni mvua inapomkuta, na kifua kikarudi ndani.

Leo ni Jumamosi, siku ya kwanza ya likizo ya shule ya mwezi wa kumi, na kwa Toos hii ni wiki ya kufa na kupona. Elzenhof hufunga milango mwanzoni mwa Novemba na kuifungua Aprili. Safari hii uongozi umetoa ahadi: wageni wakibaki mpaka maandamano ya taa za karatasi saa moja usiku, bustani itafanya kazi hata majira ya baridi, na vibarua wa msimu watapata ajira ya mwaka mzima. Wakiondoka mapema, kila mtu arudi kwake kama kawaida.

Mwaka jana waliondoka. Taa zilipita mbele ya mabenchi matupu.

"Bendi ilikuwa inampigia bata," anakumbuka Sjaak van Gool, mzee anayeelekeza magari maegeshoni. "Na bata mwenyewe aliondoka katikati ya wimbo."

Toos ana miaka hamsini na saba na watoto wake wameshajitegemea. Majira ya baridi hupanga viatu katika ghala moja mjini, ila kwa siku anazoitwa tu. "Simu ikilia, nina kazi," anasema. "Isipolia, naosha madirisha. Mwezi wa pili hakuna nyumba yenye madirisha safi kama yangu, na sijivunii hilo hata kidogo."

Pale Elzenhof yeye ndiye anayepokea simu za wanaokodi nyumba ndogo za wageni msituni. Swali lao ni moja: tupakie nini? Na jibu lake halibadiliki.

"Nawaambia wapakie misimu yote minne. Asubuhi ukungu na glavu. Saa sita mchana utavua mpaka ubaki na shati. Saa kumi upepo wa magharibi unaleta mvua. Usiku baridi inaanzia kwenye vidole vya miguu, kwa hiyo soksi za sufu, na jozi nyingine ya soksi za sufu. Wananishukuru sana, halafu wanakuja na miwani ya jua."

Zamani alikuwa akiwakasirikia. Baadaye akagundua kwamba wengi makoti wanayo, ila yamebaki kwenye gari, kwa sababu hakuna anayetaka kubeba makoti matano mchana kutwa huku akipanda treni ya kuchezea, ile ya reli za mbao inayopanda juu na kuporomoka kwa kasi. Mvua ikinyesha, familia nzima inayakimbilia. "Na mtu akishaingia kwenye gari, akawasha hita, ndiyo basi tena. Humrudishi."

Kabla ya hapo Toos alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea mpaka ilipofungwa. Huko kila mtoto ana kulabu yake ya kutundikia koti, yenye picha yake. Ndipo mwezi wa tisa alipokwenda kwa Marloes Brands, mkuu wa bustani, na kuomba ukuta.

"Toos, makoti yataibwa," Marloes alimwambia.

"Makoti yaliyopanguswa makamasi?" Toos alijibu. "Mwizi gani ana moyo huo?"

Akapewa ukuta wa zizi la zamani la farasi, wenye paa lililojitokeza, kando kabisa ya njia ya taa. Sjaak akakaza kulabu, Toos akachora picha: kindi, uyoga, bundi ambaye huku hana mkosi wowote, na kalunguyeye. Sjaak alimcheka mpaka akakohoa. "Kalunguyeye wako ni kiazi chenye nywele, mama wa makoti!"

Sasa, Jumamosi hii, watu wanaupita ukuta huo kama haupo. Yule baba wa fulana, Leendert kutoka Rotterdam, naye anapita. Binti yake Fenna, wa miaka mitano, hapiti.

"Kalunguyeye ni wangu!"

"Sawa, ni wako. Twende."

"Hana koti." Fenna anakaa chini. "Mwalimu alisema kulabu ikiwa tupu, maana yake hujafika. Mimi sijafika."

Leendert anabembeleza, anatishia, anaahidi chipsi na mayonezi. Mtoto hatikisiki. Mwishowe baba anarudi maegeshoni kwa miguu, na anaporejea amekumbatia makoti ya ukoo mzima.

"Sukari imerudi!" Sjaak anampigia kelele.

Leendert anacheka kwa aibu. Nyuma yake wanakuja akina baba wengine waliotumwa vilevile, kila mmoja na rundo lake, maana watoto wote wamesoma shule za aina moja. Kufikia saa tano kulabu zimejaa na watu wanazipigania.

Mchana jua linatoka kweli, watu wanabaki na mashati. Kisha saa kumi anga la magharibi linakuwa jeusi na mvua inashuka. Toos anasimama njia panda, akitazama umati utakimbilia wapi.

Umati unakimbilia ukutani.

Kila familia inatafuta picha yake. Vifungo vinafungwa, kofia za sufu zinavutwa mpaka masikioni, na foleni ya supu nzito ya njegere inafika mpaka kwenye bembea ya farasi wa mbao. Redio ya mkononi inakoroma kiunoni mwa Toos.

"Toos, hapa hakuna gari linalotoka," ni Sjaak. "Hata moja! Mimi nifanye nini?"

"Njoo uone taa, mzee."

Saa moja taa zinapita katikati ya watu waliobanana pande zote mbili za njia. Bendi inapiga kwa nguvu kama inalipiza kisasi. Leendert amembeba Fenna mabegani.

"Usiseme kitu, mama," anamwonya Toos.

"Sijasema," Toos anajibu, akilia waziwazi, bila kujificha. Ni furaha tupu.

Ikawa hivyo wiki nzima. Jumatatu iliyofuata Marloes aliwaita vibarua jikoni na kuwatangazia: bustani haifungwi. "Kilichopotea ni glavu moja," aliongeza, "na mwenyewe ameshaletewa."

Tulipomtembelea Toos baadaye, alikuwa juu ya ngazi, akipima safu mpya ya kulabu kwenye ukuta wa pili. Makoti ya Desemba ni manene, alisema, yanataka nafasi. Anatarajia kuzijaza kabla ya sikukuu, na safari hii atakuwepo kuziona.

"Kila Novemba walikuwa wananikatia keki ya kuniaga," alisema, msumari mdomoni. "Miaka tisa. Unaila huku unatabasamu, halafu unakwenda nyumbani. Mwaka huu mtu asithubutu kuniletea keki. Siendi popote."