Ngumi Zilizosubiriwa Newala

Nakumbuka siku ile, mwanangu, Newala nzima ilipoamka mapema kwenda kutazama ngumi ambazo hazikupigwa. Nasema Newala nzima, na wala sitii chumvi. Soko lilifungwa kabla jua halijapanda. Watu wa Mkunya walikuja kwa miguu wakiimba njia nzima, na kuna wazee ambao hata msikitini walikuwa wanapelekwa kwa kushikwa mkono, lakini siku hiyo walitembea wenyewe. Mpaka leo nikieleza habari hii moyo hunienda mbio, na mke wangu huniambia nikae chini nipumue.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Shemeji yangu, Saidi Nandonde, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa amerudi kutoka vitani na jozi mbili za glavu na mkono wa kulia uliojulikana huku mlimani kote. Mtu mzima, mpana, mpole, mkulima wa mihogo na korosho kama sisi wengine. Lakini akivaa zile glavu, aliyesimama mbele yake alikuwa hakai wima muda mrefu. Nilimwona akimwangusha dereva mmoja wa lori, jitu la kutisha, na mimi niliruka mpaka kofia ikapotea. Sikuipata tena, na sikuitafuta.

Huko chini wilaya ya Masasi, kijiji cha Chiungutwa, alikuwapo mwenzake. Yohana Chilumba alijifunza ngumi alipokuwa kibarua kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, na yeye silaha yake ilikuwa mkono wa kushoto. Hajapata kushindwa, na Saidi hajapata kushindwa. Unaona mambo yalivyokuwa? Watu waliacha kuzungumza habari za mvua. Ukipanda lori kwenda Masasi, kabla hujauliza hali ya mgonjwa wako unaulizwa wewe ni wa Nandonde au wa Chilumba. Niliona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa ajili hiyo.

Mimi nilikuwa kijana ninayejua kusoma na kuandika, wakaniita Karani ingawa sikuwa karani wa mtu yeyote. Saidi hakujua kusoma. Kwa hiyo barua za kupanga pambano niliziandika mimi, na upande wa Masasi alizijibu Danieli, kaka yake Chilumba, fundi cherehani. Barua zilikwenda na malori na kurudi na malori. Tulibishana kwanza pambano lipiganwe wapi. Tukakubaliana Newala. Tukabishana nani aingie ulingoni kwanza, mwezi mzima ukaisha hapo. Tukabishana juu ya mwamuzi, mpaka tukamchagua tabibu wa zahanati, kwa sababu alitoka Songea na hakuwa na ndugu upande wowote. Kila jambo lilipokwisha, mimi nilizua jingine.

Nitakwambia kwa nini, na sitajipamba. Maadamu ngumi zilikuwa hazijapigwa, mimi nilikuwa mtu. Nikifika mahali naletewa kiti. Wakubwa waliniuliza, "Karani, wamejibuje?" na mimi nilikohoa kwanza ndipo nijibu. Tena kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi. Saidi alikuwa anafanya mazoezi nyuma ya nyumba, akipiga gunia la pumba, na mimi nilikuwa namtazama. Miaka ilikuwa imempata. Mikono ilianza kushuka mapema, na pumzi ilikuwa fupi kuliko zamani. Nikaogopa. Nikajiona nimekuwa shemeji wa mtu aliyepigwa mbele ya Newala nzima.

Siku zilipobaki chache, nikaandika barua ya mwisho. Wewe siku hizi unafungua bomba tu maji yakatoka, kwa hiyo sikiliza vizuri. Wakati ule huku juu maji tuliyafuata bondeni, dada zetu waliondoka alfajiri na kurudi jua kali, ndoo kichwani, mlima mbele. Lakini mgeni akipanda mlima wetu, cha kwanza anapewa maji ya kuoga, hata kama mwenye nyumba mwenyewe atalala na vumbi lake. Nyumba yenye heshima ilikuwa na mtungi wa mgeni ambao watoto hawaugusi. Kumwambia mgeni aje na maji yake ni kumwambia asije, na hakuna mtu wa Newala wala Masasi asiyejua hivyo.

Mimi nikaandika: "Kwa kuwa kiangazi ni kikali, watu wa Masasi waje na maji yao ya kunywa na ya kuoga." Wakati naandika, kwa dada yangu kulikuwa na mitungi mitatu imejaa, imefunikwa, inamsubiri Chilumba.

Jibu lilikuja kesho yake, mstari mmoja wa mwandiko mzuri wa Danieli: "Tumeelewa. Hatuji." Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Saidi aliponiuliza wanasemaje, nikamwambia wanakuja.

Basi siku ikafika. Mwanangu, laiti ungeiona. Nguzo nne, kamba za katani, ngoma mbili pande mbili zikijibizana, vijana wamepanda juu ya mikorosho mpaka matawi yanalia. Tabibu amevaa shati jeupe, kipenga shingoni. Saidi alitoka amevaa kaptura yake ya jeshi, na kelele zilizopigwa nadhani zilisikika ng'ambo ya Ruvuma. Hata mimi niliyejua kila kitu nilipiga kelele. Kwa muda kidogo nilisahau kwamba hakuna mtu anayekuja, nikawa natazama barabara kama wenzangu.

Tulisubiri mpaka adhuhuri. Tukasubiri mpaka alasiri. Ndipo mtu mmoja akasema Chilumba kaogopa, na neno likashika kama moto wa kiangazi. Kaogopa, kaogopa. Wakamnyanyua Saidi mabegani wakamzungusha uwanja mzima. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo wa ushindi. Saidi peke yake hakuimba. Aliomba ashushwe, akavua glavu, akaenda nyumbani kwa njia ya nyuma.

Wiki tatu baadaye, bila kuniaga, alipanda lori akaenda Masasi, na kutoka hapo akatembea hadi Chiungutwa. Alitaka kumwuliza mwenzake ana kwa ana. Danieli akaitoa barua yangu, akamsomea. Tena Saidi alimkuta Chilumba mkono wa kushoto umefungwa vitambaa mpaka kwenye kiwiko. Siku nne kabla ya Saidi kufika, alipokuwa anapakia magunia ya korosho, kilango cha nyuma cha lori kilimwangukia. Vidole vitatu havikupona tena.

Saidi alirudi akanikuta napalilia mihogo. Nikamwamkia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akakaa juu ya tuta. "Kwa nini hukuniacha nipigwe?"

"Nilikuwa nakuhurumia, shemeji. Pumzi yako niliiona."

"Pumzi yangu naijua mimi kabla yako. Kupigwa nimezoea, nimepigwa mara nyingi huko jeshini kabla sijajua kupiga. Ulikuwa unajihurumia wewe." Akang'oa gugu moja kwenye tuta. "Nilitaka nijue, basi. Kabla sijazeeka nilitaka nijue."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniambia niende Chiungutwa nikamweleze Chilumba kwa mdomo wangu, kwa sababu Newala ilikuwa bado inamwita mwoga.

Nikaenda. Nilipata maji ya kuoga kabla sijatamka neno, nikayaoga huku uso unaniwaka. Kisha nikamweleza Chilumba yote, kiti, wimbo, woga na barua. Alinisikiliza mkono ukiwa pajani. Danieli alitaka kunifukuza, yeye akamzuia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mkono wake wa kulia, ni kweli ni mzito kama wanavyosema?"

"Ni kweli, kaka. Mzito sana."

Akaangalia vitambaa vyake. "Na mimi wangu ulikuwa mzito," akasema. Machozi yalimtoka mtu yule mkubwa, wala hakuyafuta.

Niliporudi nilisimama sokoni nikatangaza uongo wangu. Nilizomewa, na nilistahili. Kiti sikuletewa tena miaka mingi. Lakini hakuna kelele za soko zilizoweza kurudisha vidole vya mtu.

Siku hizi nakusikia wewe na wenzako mkilalamika mbele ya redio, eti mabingwa wawili wa uzito wa juu wamesubiriwa miaka, kila mwaka inasemekana watakutana, na hawakutani. Mnasema huyu anamwogopa yule. Huenda. Lakini mimi kwanza huwaza yupo nani katikati, anayeandika barua, anayezua sharti jipya kila la zamani linapokwisha. Mara nyingi walio ulingoni wako tayari, na anayetetemeka amekaa pembeni na kalamu.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mtu akitaka kujipima, usimfichie kipimo kwa jina la huruma. Ukiwa unaogopa, sema naogopa, watu watakucheka siku mbili halafu watasahau. Ukijikuta unaongeza sharti juu ya sharti, simama ujiulize unalinda nini, na cha nani. Na jambo linalosubiri nguvu za mwili usiliahirishe, maana mwili haukusubiri wewe.

Mungu akupe mshindani wa kiasi chako, na akukutanishe naye mkono ungali mzima. Akupe kushinda bila majivuno, au kushindwa ukarudi nyumbani ukala na watoto wako. Na akuepushe na mtu wa katikati kama nilivyokuwa mimi.