Kobe Aliyewashiwa Taa

Enzi zetu, sisi tuliolelewa mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya sabini ikielekea kuisha, Julai ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Tulivaa sweta alizofuma mama, mikono imepita vidole kwa sababu "utakua tu". Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka pua zikatiririka, kisha tukakimbilia uji. Watoto wa siku hizi wakisikia baridi kidogo wanapiga picha ya soksi zao na kuituma kwenye simu, dunia nzima iwaonee huruma.

Nikiwa darasa la nne, baba alirudi kutoka safari ya lori la kiwanda chao akiwa na kobe ndani ya gunia, mkubwa kama sahani ya ugali. Tulimwita Chifu kwa ajili ya ule mwendo wake wa kikubwa, usio na haraka. Alikula sukuma wiki na maganda ya ndizi, na kila mtoto wa laini yetu ya nyumba alimjua. Julai ilipoingia, alirudisha kichwa ndani na kuacha kula.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi, na bado niko hivyo. Nikifunga mlango lazima nirudi kuusukuma. Daftari zangu zilitoboka kwa kufutwa, maana herufi moja ikipinda sikupata amani. Sasa mtoto wa namna hiyo umpe mnyama asiyeweza kusema anaumwa wapi! Baba naye hakunisaidia. "Hii kobe ikifika Jumamosi haijala, naenda kuiachilia ng'ambo ya reli," alisema. Nilijua huko, kwa baridi ile, hangemaliza wiki.

Nikamweka jikoni, kona ya nyuma ya gunia la makaa, karibu na jiko. Mama alipomkuta alishika kiuno. "Wewe Wanjiku, huyu ni mgeni au ni kitoweo? Na huo moshi utamuua kabla ya baridi." Lakini Chifu alipata joto, akanyoosha miguu, hata akatembea. Ila katika giza la kona ile hakugusa jani. Kuna kitu kilikosekana, nami sikukijua, wala sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Nilikipata kwa Mama Atieno, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyelea vifaranga kwenye katoni chini ya balbu. Balbu za siku hizo, jamani, zilikuwa moto. Ukigusa unaacha ngozi. Hizi za sasa unaweza kuzishika huku unaongea na simu.

Nikachutama pale kuwatazama. Balbu ikiwa juu sana, vifaranga walirundikana chini yake wakilia. Ikishuka sana, walikimbilia pembeni na kuachama midomo. Ikiwa sawa, walitawanyika wakala. Na Mama Atieno alipoizima kidogo, hata katoni ikiwa bado na joto, walinyamaza na kuacha chakula kana kwamba usiku umeingia. Hapo ndipo nilipoelewa. Chifu wangu kule jikoni alikuwa katika usiku usioisha.

"Mama Atieno, naomba Chifu akae na vifaranga wako."

"Aki wewe mtoto! Akinikanyagia hata mmoja, wewe ndiye utanitagia mayai."

Lakini alicheka, akasogeza sahani ya maji. Nilipandisha na kushusha ile balbu nikifuata vifaranga, maana uso wa kobe haukuambii kitu. Upande mmoja wa katoni niliufunika, Chifu akizidiwa na joto apate pa kujificha. Ijumaa ikapita hajala.

Jumamosi asubuhi baba alisimama mlangoni kwa Mama Atieno, gunia mkononi. Chifu alikuwa chini ya taa, shingo yote nje, kifaranga amemkalia mgongoni, anatafuna sukuma wiki bila haraka yoyote.

"Kumbe huyu bwana alitaka tu kuwashiwa taa," baba akasema, akalikunja gunia.

Septemba jua liliporudi, Chifu alitoka, kiwanja chote kikawa chake. Nyumba zetu zilikuwa fupi, na jua lilimwangukia kila mtu: nguo kwenye kamba, akina mama wakisukana nywele, watoto wachanga juu ya leso. Hakuna aliyeliona kuwa ni mali.

Leo binti yangu anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa zimesongamana hata ukitoa mkono dirishani unamsalimia jirani. Saa sita mchana taa inawaka. Alipojifungua, kliniki walimwambia mtoto aote jua la asubuhi, kwa hiyo mimi ndiye ninayepanda ngazi na mjukuu mpaka juu kabisa, kwenye paa, tunapita chini ya nguo zilizoanikwa, tunatafuta mahali ambapo kivuli cha tangi la maji hakifiki. Tunawakuta wengine wametutangulia.

"Shosho, sogea kidogo, na wetu aguswe na jua," msichana mmoja ananiambia, mtoto kifuani.

Ninasogea. Jua linakaa nasi kidogo, halafu ghorofa ya jirani inalifunika, nasi tunashuka na watoto wetu.